Gari la Maksai na Mabega ya Wazee Wetu

Mara kwa mara tunasikia vijana, hata na watu wazima waliosoma, wakisema neno hili: "Wazee wetu walibeba mizigo kichwani miaka na miaka kwa sababu hawakujua gurudumu." Wengine husema hivyo kwa kucheka, wengine kwa aibu. Neno lenyewe ni fupi, lakini lina sumu ndani yake. Maana mtu akisadiki ya kuwa babu zake walikuwa wajinga, mwisho atajiona yeye naye amezaliwa na ujinga uleule.

Kwa hiyo tumeona inafaa kulipima neno hili kwa mizani ya historia. Tutasimulia habari za gari la zamani, gari la maksai la Afrika ya Kusini, ambalo watu walikaa ndani yake miezi mingi wakivuka nchi pana pamoja na wake na watoto wao. Tutaona lilivyotengenezwa, nani waliliendesha, lilifika wapi, na tena kitu gani kililizuia lisifike kwetu, kwenye Ziwa Tanganyika na katika nchi za mto Kongo.

Nyumba juu ya magurudumu

Maksai ni ng'ombe dume aliyehasiwa. Ana nguvu kama fahali, lakini ni mpole na mvumilivu. Waholanzi walipojenga kituo chao kwenye Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, walitumia magari ya kukokotwa na maksai, na wajukuu wao, yaani Makaburu, wakayatengeneza polepole hata yakaifaa nchi ile ya milima na mchanga.

Gari lilikuwa refu, tena jembamba: urefu wake meta 5 hivi, upana wake meta moja na kidogo. Lilikuwa na magurudumu manne ya mti mgumu yaliyovikwa pete za chuma. Yale ya nyuma yalikuwa makubwa, yakimfikia mtu kifuani, na ya mbele madogo zaidi. Sehemu zake hazikupigiliwa misumari kwa kukaza kabisa. Ziliunganishwa kwa namna ya kulegea kidogo, hivyo gari liliweza kujinyonga juu ya mawe bila kuvunjika. Hata likifika kwenye korongo lisilopitika, watu waliweza kulifungua vipande vipande, wakavivusha kimoja kimoja, kisha wakaliunga tena ng'ambo.

Juu yake walipinda fito mfano wa upinde, wakatandaza turubai. Ndani, upande wa nyuma, walitundika kitanda: mbao nne na kanda za ngozi zilizosukwa katikati. Wasomaji wetu wanaojua kitanda cha kamba hawatashangaa. Mbele palikuwa na sanduku kubwa, ndilo kiti cha mwendeshaji. Nyuma palikuwa na sanduku jingine la vyakula. Chini ya gari yalining'inia pipa la maji, sufuria, na chombo cha mafuta ya kupaka mahali gurudumu linapozungukia.

Basi hiyo ndiyo nyumba nzima. Hapana meza, hapana dirisha, hapana jiko. Walipika nje juu ya moto wa kuni, na wakitaka kuoka mkate walitafuta kichuguu. Walikitoboa ubavuni, wakawasha moto ndani mpaka udongo ukawa moto sana, wakaondoa makaa, wakatia unga uliokandwa, wakaziba mlango. Kichuguu kilikuwa tanuri lao. Mafuta ya wanyama waliyachemsha pamoja na magadi ya majivu, wakapata sabuni. Nyama waliikata vipande virefu, wakaitia chumvi na kuianika juani.

Mizigo yao ilikuwa unga, kahawa, chumvi, baruti na risasi, nguo na shanga za kununulia vyakula, vyombo vya useremala, na vipande vya akiba vya gari lenyewe. Kila kitu kilipimwa kwa shingo za maksai. Aliyepakia vitu vya fahari alijua upesi kosa lake, maana penye mchanga mzito alivitupa kando ya njia kwa mikono yake mwenyewe.

Siku moja ya safari

Gari moja lilihitaji maksai 12 hadi 16, hata 18. Walifungwa wawili wawili chini ya nira, na nira zote zilishikwa na kamba moja ndefu ya ngozi, na baadaye mnyororo. Kila maksai alikuwa na jina lake na mahali pake. Wale wenye akili waliwekwa mbele. Wale wenye nguvu nyingi waliwekwa karibu na gari, kwa kuwa wao ndio waliolizuia kwenye mteremko.

Wasafiri waliondoka kabla ya mapambazuko. Jua likipanda waliwafungua maksai, wakawaacha wale majani, wanywe, walale na kucheua. Jua likipungua walifunga tena, wakaenda mpaka usiku, hasa penye mbalamwezi. Mwendo wake ulikuwa kilometa 4 hivi kwa saa, yaani mwendo wa mtu atembeaye pole. Siku njema walipata kilometa 20 au 25. Katika mchanga wa Kalahari walipata chache zaidi, na penye mto uliojaa walikaa juma zima wakingoja maji yapungue.

Mtu asiyejua kazi hii angesema ya kuwa wanapoteza wakati. Sivyo. Ng'ombe asipocheua hapati nguvu, na asipopata nguvu gari halitoki. Basi si mwenye gari aliyepanga safari. Walioipanga ni majani na maji. Chemchemi ikikauka, njia ilibadilika. Jua lenyewe lilikuwa adui: mti wa gurudumu ulikauka na kujikunja, pete ya chuma ikalegea, na ilibidi kupigilia kabari au kulaza gurudumu mtoni usiku kucha ili mti uvimbe tena. Usiku waliwasha mioto kuzunguka kambi kwa ajili ya simba.

Ndivyo alivyosafiri Bwana David Livingstone mara alipofika Afrika. Aliondoka pwani ya Algoa mwezi wa Mei 1841, akafika Kuruman tarehe 31 Julai. Aliyapenda maisha hayo, akaandika baadaye ya kuwa yanaleta afya. Lakini tutaona hayakuleta afya kwa wote.

Watu wa gari

Vitabu vya zamani husema, "Bwana fulani alisafiri na magari yake." Tuulize: nani aliyaendesha? Kila gari lilitaka watu wawili wa kazi. Wa kwanza ni mwendeshaji, mwenye mjeledi mrefu wa kuwafikia hata maksai wa mbele. Fundi hasa hakuwapiga sana. Aliwaita kwa majina, nao wakamsikia. Wa pili alikuwa mara nyingi kijana, aliyetangulia mbele ya wote ameshika ukanda wa ngozi, akichagua pa kukanyaga. Tena palikuwa na wachungaji wa maksai wa akiba, na kiongozi aliyejua maji yako wapi. Katika Kalahari kiongozi huyo alikuwa mara nyingi Msan, mtu wa kabila lile la wawindaji wanaojua nchi hiyo kuliko wote. Wengi wa watu hawa walikuwa Waafrika au machotara, na majina yao hayakuandikwa.

Wala hawakuwa watumishi tu. Wagriqua walikuwa na magari yao tangu mwanzo wa karne ya 19. Sechele, mfalme wa Wabakwena, alikuwa na gari lake. Wabangwato wa mfalme Khama walinunua magari kwa pembe na ng'ombe wao. Almasi zilipogunduliwa Kimberley, Wabasotho walipakia nafaka zao katika magari, wakaenda kuziuza huko kwa wachimbaji. Tulishike jambo hili, kwa maana ndilo jibu la nusu ya swali letu: mahali maksai alipoweza kuishi, Mwafrika hakukataa gurudumu. Alilinunua, akajifunza kulitengeneza, akapata faida.

Haki inatudai tuseme pia ubaya wa gari hilo. Tangu mwaka 1835 hivi, maelfu ya Makaburu waliacha nchi ya Rasi, wakaingia bara na magari yao kutafuta mashamba, na mashamba hayo yalikuwa na wenyewe. Walipoogopa vita waliyapanga magari kwa duara, wakayafunga pamoja, wakapiga bunduki kutoka ndani. Tarehe 16 Desemba 1838, kando ya mto Ncome, duara la magari 64 lilipigana na jeshi la Wazulu, na Wazulu kama elfu tatu walikufa siku ile. Gari lililokuwa nyumba ya watoto likawa ngome ya kunyang'anyia nchi.

Jamaa ya Livingstone

Mwaka 1845 Livingstone alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari wa Kuruman. Bibi huyu alizaliwa Afrika, naye aliyajua maisha ya gari tangu utoto. Mwaka 1849 mume wake alivuka Kalahari akafika Ziwa Ngami. Mwaka 1850 akaenda tena, safari hii pamoja na mkewe mwenye mimba na watoto watatu. Homa iliwashika watoto, wakarudi Kolobeng. Bibi Mary alijifungua huko mtoto wa kike, aliyeitwa Elizabeth. Baada ya majuma sita mtoto alifariki.

Hata hivyo mwaka 1851 waliondoka mara ya tatu, jamaa nzima katika gari. Kiongozi wao alipotea katika nchi kavu. Maji ya pipa yaliisha, na mengine yalipotea kwa uzembe wa mtumishi. Watoto wakalia kwa kiu, na mama yao akawatazama bila kusema neno la lawama. Siku ya tano ndipo watu waliotumwa waliporudi na maji. Walifika mto Chobe, wakaonana na Sebituane, mfalme wa Wamakololo, aliyewapokea vizuri lakini akafa siku chache baadaye. Katika kurudi, mwezi wa Septemba, Bibi Mary alijifungua mtoto wa kiume njiani, kando ya mto Zouga. Mwaka uliofuata Livingstone aliwapeleka wote Cape Town, wakapanda meli kwenda Uingereza.

Tunasimulia hayo ili tufahamu ya kuwa gari dogo lenye vitu vichache si mchezo. Mwanamume aliandika kitabu juu ya safari. Mwanamke alizaa safarini. Kipimo cha safari ya namna hii ni mtoto aliye ndani ya gari.

Inzi mdogo kuliko nyuki

Katika safari hiyo ya 1851, karibu na mto Chobe, walikutana na adui asiyeogopa bunduki: mbung'o, yule inzi ambaye wengi humwita pia ndorobo. Livingstone aliandika ya kuwa waliwalinda maksai kwa uangalifu, na inzi waliowaona juu yao hawakuzidi 20. Hata hivyo maksai 43 walikufa. Hawafi papo hapo. Kwanza macho na pua hutoka maji, kisha mnyama hukonda ingawa majani ni tele, na baada ya majuma au miezi huanguka.

Tena mbung'o ana mipaka yake. Livingstone aliona ya kuwa ukingo wa kusini wa Chobe umejaa inzi hao, na ng'ambo ya pili, umbali wa meta 50 hivi tu, ng'ombe walikula majani salama. Wenyeji walijua mipaka hiyo kabisa. Walijua wapi pa kupitisha ng'ombe usiku, na wapi pasipopitika kamwe.

Miaka 44 baadaye, yaani 1895, daktari David Bruce alipata sababu yake katika nchi ya Wazulu: mbung'o huchukua kidudu kisichoonekana kwa macho matupu, akakipeleka kutoka damu ya mnyama mmoja hadi mwingine. Wanyama wa porini hukaa nacho bila kuugua; ng'ombe na farasi hufa. Ndugu wa kidudu hicho ndiye anayewaletea watu malale, ugonjwa uliowaua babu zetu wengi mwanzoni mwa karne ya 20.

Livingstone alitambua mpaka wa gari. Mwaka 1853 alifika na gari Linyanti, mji wa Sekeletu, mwana wa Sebituane. Akaliacha pale. Akaenda Loanda kwa mtumbwi na kwa miguu, pamoja na watu 27 wa Sekeletu, na vitu vichache sana: hema dogo, visanduku vya nguo, dawa na vitabu, blanketi la ngozi ya kondoo. Aliporudi mwaka 1855 alilikuta gari lake, na vyote vilivyomo, salama. Akaondoka tena. Mwaka 1860 akarudi, na gari lilikuwa bado limesimama, na dawa zake zimo. Wamakololo walililinda miaka saba gari la mgeni aliyekuwa mbali. Habari hiyo imeandikwa kwa mkono wa mwenye gari mwenyewe.

Walioshindwa njiani

Mwaka huohuo wa 1860 jambo la kusikitisha lilitokea palepale Linyanti. Wamisionari wawili Waprotestanti, Helmore na Roger Price, walitoka Kuruman mwezi wa Julai 1859 na magari ya maksai, pamoja na wake zao na watoto. Ulikuwa mwaka wa ukame. Walisafiri miezi saba, watoto wakilia kwa kiu jangwani. Walifika Februari 1860, na homa ikawaangukia mara moja. Kabla ya mwisho wa Aprili Helmore, mkewe, watoto wao wawili na mtoto mchanga wa Price walikuwa wamekufa. Mali zao nyingi zilichukuliwa. Price alirudi na wale waliobaki. Mkewe naye akafa njiani. Katika Wazungu tisa walibaki watatu. Na dawa za homa zilikuwa katika gari la Livingstone, mwendo mfupi tu kutoka kambi yao, nao hawakujua.

Wakatoliki nao walionja njia hiyo. Mwezi wa Aprili 1879 Padri Henri Depelchin, Mjezuiti kutoka Ubelgiji, aliondoka mji wa Grahamstown, uitwao leo Makhanda, na magari manne ya maksai. Mapadri na Mabruda waliishi katika magari hayo miezi mitano hivi, wakisali na kupika kando ya njia, mpaka wakafika kwa mfalme Lobengula. Kutoka hapo wengine waliendelea mbele. Padri Fuchs alikufa Tati mwezi wa Januari 1880. Padri Terörde alikufa kwa Watonga, karibu na Zambezi, mwaka huohuo. Padri Augustus Law alipelekwa mashariki kwa mfalme Umzila; njia ikawa mbaya, akaliacha gari porini, akamaliza safari kwa miguu. Akafa huko Novemba 1880, kwa homa na njaa.

Tazama basi: kila mara gari lilipofika kwenye nchi za mbung'o na homa, watu waliliacha. Waliokaidi waliacha makaburi.

Kutoka Saadani mpaka Mpwapwa

Sasa tuje upande wetu. Shirika la Price lilitaka kufika Ujiji, kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa letu, nalo likasema: kwa nini kulipa wapagazi mamia? Tutumie maksai kama huko kusini. Mtu aliyechaguliwa kupima njia ni Roger Price yuleyule. Mwaka 1876 alitoka Saadani, pwani ya mkabala wa Unguja, akafika Mpwapwa na maksai wachache. Akarudi na tumaini.

Julai 1877 msafara wenyewe ulitoka Saadani na magari na mikokoteni. Lakini jaribio la maksai wachache si sawa na safari ya magari mazito yakaayo siku nyingi katika msitu wa mbung'o. Maksai walianza kukonda, kisha kufa. Matope yalikamata magurudumu. Kabla ya mwisho wa mwaka msafara ulikuwa umesimama, na Price akarudi Ulaya kutoa habari. Alexander Mackay, fundi wa misioni ya Uganda, alikuwa amekata barabara ya kilometa 370 hivi kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Maksai wake nao wakafa. Mwisho wenzake Price waliacha magari, wakaandika wapagazi. Hore na Thomson walifika Ujiji tarehe 23 Agosti 1878, baada ya mwaka na mwezi mmoja. Thomson akafa mwezi uliofuata.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alijaribu hila nyingine: tembo wanne wa Bara Hindi, walioshushwa pwani karibu na Dar es Salaam mwaka 1879, ili wabebe mizigo hadi Karema, ziwani. Tembo hao wakafa mmoja baada ya mmoja, na Carter, kiongozi wao, akauawa vitani mwaka 1880.

Ndiyo maana Mapadri Weupe wa kwanza, waliotumwa na Lavigerie, hawakuleta magari. Waliondoka Bagamoyo tarehe 17 Juni 1878 na wapagazi. Padri Pascal alifariki njiani mwezi wa Agosti. Waliokuja upande wa Tanganyika walifika Ujiji Januari 1879. Misioni za kwanza za ziwa letu zilifika juu ya mabega ya watu.

Mabega ya watu

Tufanye hesabu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32. Gari jema la maksai lilibeba tani mbili. Basi kazi ya gari moja na watu wawili ilihitaji watu 63, na wengine zaidi wa kubeba posho ya hao. Kutoka pwani hadi Ujiji ni kilometa 1,200 hivi. Mbung'o alipomwua maksai, deni lake lilihamia shingoni mwa mwanadamu.

Wanyamwezi walifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa sifa. Walikuwa na kirangozi wao, nyimbo zao, namna yao ya kufunga mzigo, na kijana hakuhesabiwa mtu mzima kabla hajaiona bahari. Hii ilikuwa kazi ya ufundi, si ya ujinga.

Lakini kwetu Kongo mabega yalibebeshwa pia kwa nguvu. Mwaka 1880 Stanley, aliyeitwa Bula Matari, alikata njia kutoka Vivi mpaka Isangila, kilometa 80 na zaidi, ili kupitisha vipande vya meli. Magari alikuwa nayo. Waliozikokota kamba ni watu. Kisha, mpaka reli ya Matadi kwenda Léopoldville ilipomalizika mwaka 1898, mizigo ya Serikali ya Leopold ilipita juu ya vichwa, na wengi waliobeba walishurutishwa. Katika vita vya 1914 mpaka 1918, askari wa Kongo walipokwenda kuteka Tabora, mji ulioanguka Septemba 1916, wapagazi zaidi ya 200,000 waliandikwa katika nchi yetu. Wengi hawakurudi.

Huko kusini gari la maksai nalo lilipata mwisho wake. Mwaka 1896 sotoka, tauni ya ng'ombe, ilivuka Zambezi. Maksai walianguka katika nira zao, na magari yakaachwa njiani pamoja na mizigo. Mwaka uliofuata, Novemba 1897, reli ilifunguliwa Bulawayo, na magari hayakupata tena cheo chake cha zamani.

Jibu letu

Basi, wasomaji wapenzi, tumjibu nini yule asemaye ya kuwa wazee wetu hawakujua gurudumu? Tumwambie hivi: Wazungu walilijua gurudumu vizuri sana, wakalileta na fedha na mafundi, wakashindwa nalo palepale. Mackay alikuwa fundi wa mashine; Price alikuwa amezeeka katika magari. Wote wawili walishindwa na inzi. Na wale Waafrika waliokaa katika nchi isiyo na mbung'o walilitwaa gari mara walipoliona. Kwa hiyo tofauti haikuwa katika akili za watu. Ilikuwa katika damu ya maksai.

Tena tukumbuke ya kuwa hata gari halikwenda peke yake. Lilikwenda kwa kijana aliyeshika ukanda, kwa Msan aliyejua kisima, kwa Wamakololo waliolinda mali ya mgeni miaka saba. Wenye magari wameandikwa katika vitabu. Wale walioyaendesha, na wale waliobeba mahali gari liliposhindwa, hawakuandikwa.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetazama, ni mwepesi siku zote. Katika parokia zetu wako bado wazee ambao babu zao au baba zao walikuwa wapagazi wa vita au wa njia ya ziwa. Tuwaulize majina yao, walitoka kijiji gani, walibeba nini, walifika wapi. Tena tuyaandike katika daftari ya nyumbani wakati wazee hao wangali nasi.